Mapacha Wanaofutana

11 Januari

Mpwa wangu Profesa,

Pokea salamu za mtu ambaye akichelewa njiani, hospitali kubwa kuliko zote hapa mjini inasimama kama saa iliyoishiwa betri. Mtu huyo ni mimi mjomba wako. Sikwambii haya nijisifu. Sifa zinanifuata zenyewe, mimi natembea tu.

Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, cherehani yake haijambo, na wote wawili wanapiga kelele kutwa. Chumba kimejaa sare za shule hata pa kuweka mguu hakuna, na mimi ndiye ninayetumwa vifungo kama vile sina cheo. Analalamika kwamba mfuniko wa sufuria ya maziwa umepotea. Nimemwambia ni panya. Ananiuliza, panya gani anakula alumini? Nimemwambia hajawaona panya wa mtaa huu wakiwa na njaa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimetolewa kwenye gari la mashuka. Tangu mwezi uliopita naendesha gari la dawa ya picha. Kila asubuhi nakwenda kiwanda kile cha nje ya mji, nasimama mbele ya ukuta mnene kama wa benki, na mfamasia aliyevaa glavu mbili mbili ananikabidhi chombo cha madini ya risasi. Ni kidogo kama chupa ya chai, lakini kizito kama mtoto anayekataa kubebwa. Ndani mna matone machache tu ya dawa, na dawa yenyewe haina subira: ukikaa barabarani saa mbili hivi, nusu yake imeshakufa. Ndiyo maana nikipiga honi, askari wa barabarani wananipigia saluti. Juzi msafara wa waziri ulinipisha. Waziri mwenyewe alishusha kioo akaniuliza, "Kaka, umebeba nini?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, bora usijue."

Shida ni kwamba hata mimi sijui sawasawa. Nimemsikia mfamasia akisema mambo ya antimaada. Nilipomuuliza akasema, "Wewe endesha vizuri, inatosha." Majibu gani hayo kwa mtu kama mimi?

Wewe ndiye unasomea fizikia huko, na mimi ndiye niliyekununulia rula ya kwanza. Niandikie hiyo antimaada ni nini, inafanya nini ikikutana na vitu vya kawaida. Maneno yawe mazito lakini yasinishinde. Mwezi ujao nina wageni.

Andika barua, usipige simu. Mambo ya hadhi hayasemwi na mtu huku anakimbizana na vocha.

Mjomba wako,
Mbeba Siri za Dunia


2 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kilicho juu ya duka la kufulia nguo, na mashine zikizunguka sakafu yote inatetemeka, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usiseme nimeanza ulevi. Hongera kwa gari jipya. Mama nilimpigia juzi, sauti yake ilikuwa ya kuchoka. Akasema ni uzi mbaya, unakatikakatika. Ni kweli?

Haya, somo lako.

Kila unachokigusa ni maada: usukani, sabuni, wewe mwenyewe. Maada imejengwa kwa chembe ndogo sana, na mojawapo inaitwa elektroni. Elektroni ana pacha wake, positroni. Uzito ni uleule, ila chaji ya umeme ni kinyume. Huyo pacha ndiye antimaada. Wakikutana hawapigani, hawaachi moshi wala jivu. Wote wawili wanafutika. Uzito wao wote unageuka nishati, miale miwili ya gama inayokimbia, mmoja huku na mwingine kule, kama watu waliogombana wakapeana mgongo. Hakuna moto unaofikia hapo. Kuni ikiungua, ukikusanya jivu na moshi utakuta uzito karibu wote bado upo. Hapa hakibaki kitu, ni mwanga tu. Gramu moja ya antimaada ikigusana na gramu moja ya maada, katikati ya mji panaweza kufutika. Karatasi imejaa. Chukua ya pili, usiishie hapa.

Sasa tulia. Kwenye chombo chako hakuna antimaada iliyolala ikikusubiri. Mna sukari iliyofungwa atomu zisizotulia. Kila atomu ikijituliza inatoa positroni mmoja, na huyo hafiki mbali, hamalizi hata unene wa kucha chache kabla ya kukutana na elektroni. Wanafutana wawili hao basi, na mwili una elektroni wasio na idadi. Miale yao miwili inatoka nje, mashine ya duara inaikamata yote kwa pamoja na kuchora mstari. Mistari mingi ikikatana mahali pamoja, hapo ndipo sukari imejazana. Uvimbe mbaya ni mlafi wa sukari, kwa hiyo unajitangaza wenyewe. Mgonjwa hasikii kitu. Hata ndizi inatoa positroni mara mojamoja. Na wewe, tangu uanze kusoma karatasi hii, mapacha kadhaa wameshafutana ndani ya mwili wako na hujui.

Chombo cha risasi kinakulinda vya kutosha. Usijitundike mabati wala alumini. Mbele ya miale hiyo ni sawa na kujikinga mvua kwa chandarua.

Mpwa wako


27 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi. Nisamehe kwa kukawia, kazi zilinibana.

Hapa tupo. Mama yako yupo. Cherehani imepumzika kidogo, inahitaji mafuta. Mfuniko mwingine umepotea, ule wa sufuria ndogo, na panya bado hawajakamatwa. Sijui kwa nini uliandika habari za alumini. Hakuna aliyekuuliza habari za alumini.

Nina swali. Si langu, ni la mwenzangu, dereva aliyerithi gari la mashuka. Ana ndugu yake mwanamke ambaye anatakiwa apigwe ile picha. Huyo mama amesikia kwa watu, sijui ni watu gani, kwamba ukichomwa sindano ile unafutwa kidogokidogo kutoka ndani. Alifika mpaka mlangoni akageuka. Mtu kama huyo unamwambiaje akusikie?

Na swali dogo la kielimu: uvimbe ukiambiwa usubiri, huwa unasubiri?

Jibu mapema, maana huyo mwenzangu ananisumbua. Usipige simu.

Mjomba


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Sikuulizi habari za nyumbani kwa sababu huniambii. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia barua isiyo na waziri ndani yake. Ile ya Machi haina waziri, haina saluti, hata jina la cheo hukujipa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikapiga simu. Mama akaniambia, "Mimi sijambo, maliza masomo yako." Nyuma yake palikuwa kimya. Miaka yote nikipiga simu nyumbani lazima nimwambie asimamishe cherehani ndipo tusikilizane. Safari hii nilisikia mpaka matone ya bomba.

Huyo ndugu wa dereva wa mashuka, ni fundi nguo?

Swali lako la kielimu: hapana, uvimbe hausubiri.

Niambie ni nani. Usinizungushe.


3 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Ni mama yako.

Nimeandika mstari huo nikazunguka nyumba, nikarudi. Sasa nakueleza yote, ingawa aliniapisha.

Ni titi la kushoto. Alikigundua kiuvimbe mwishoni mwa mwaka, akakinyamazia, akawa anashona kwa mkono mmoja na kusingizia uzi. Niliposhtuka nikampeleka mwenyewe. Walikata kipande wakakipima, na ndiyo, ni ule mbaya. Daktari wa upasuaji anasema hawezi kuchukua kisu kabla hajajua kama umebaki hapo au umeshatembea. Na cha kumwonyesha ni ile picha. Dawa ya picha naileta mimi.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Wageni wangu walikuja Jumapili, mafundi magari na wake zao, chumba kimejaa. Nikapanda kwenye stuli nikaisoma barua yako kwa sauti. Nilipofika pale pa kufutika, hakuna aliyekohoa. Nilipofika pa gramu moja na katikati ya mji, fundi breki aliweka kikombe chini. Nikakunja karatasi. Ya pili sikuisoma, Profesa. Nilikuwa nimeshaipitia, nikaona ina ndizi. Mtu huwezi kutoka kwenye kufuta mji ukaingia kwenye ndizi, mbele ya wageni.

Mama yako alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Sikumwona.

Wiki iliyofuata aliitwa hospitali. Akawauliza dawa inatoka wapi, wakamwambia ni ile ninayoibeba mimi. Akarudi nyumbani, akavua viatu, akasema, "Siendi." Nikamwambia, dada, yale yalikuwa maneno ya kuchangamsha wageni. Akasema, "Maneno yako nayajua. Ungeyasema wewe ningeendelea kumimina chai. Lakini yale kaandika mwanangu, na yule hajawahi kunidanganya." Nikamletea karatasi ya pili. Akaitazama mbele na nyuma. "Mbona hii hukuisoma siku ile? Umemwambia aiandike ili mnipoze." Ndiyo maana nilikukataza simu. Lolote utakalosema sasa ataona nimekufundisha.

Ameshapangiwa mara mbili. Mara zote mbili nimeileta dawa yake, na mara zote mbili ameishia getini. Ile ya pili nilikaa kwenye kiti cha dereva nikikitazama kile chombo, dawa ya dada yangu inakufa nusu kwa nusu na mimi sina la kufanya.

Wamempa siku ya mwisho, katikati ya Juni. Akiikosa anarudi nyuma ya foleni, na foleni hiyo ni ya miezi.

Nitukane ukitaka, lakini niambie la kufanya.

Mjomba


16 Mei

Mjomba,

Shikamoo naandika kwa sababu nimelelewa hivyo.

Nilianza kukutukana, nikachana. Nikaanza tena, nikachana. Yale ni maneno yangu, kwa mkono wangu, na ndiyo yanayomzuia mama yangu mlangoni. Unajua inavyouma? Nilikuandikia "usiishie hapa". Niliandika kabisa.

Nimeomba ruhusa. Siwezi kusafiri kabla ya mwisho wa Juni, kwa hiyo siku hiyo ni wewe tu.

Usimwambie tena habari za sayansi. Usimletee karatasi. Na tafadhali, mjomba, siku hiyo usimpelekee waziri. Kila unapofungua mdomo mama anatafuta wapi umejipandisha, na akipapata anatupa yote, ya kweli na ya uongo. Mwambie jambo moja la kweli ambalo halikupi sifa yoyote. Liwe la kukushusha. Akiona umelisema bila kujipamba, labda atakuamini na la pili.

Kama huna jambo kama hilo, litafute. Unalo. Kila mtu analo.

Na endesha haraka.


20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Kaa chini kwanza. Mama yako ameingia, amechomwa sindano, amepigwa picha, ametoka mzima na mdomo wake uleule. Mengine nakueleza kwa mpango.

Asubuhi ile mfamasia alinikabidhi chombo, nami sikumtania kama siku zote. Nikaondoka. Kufika kwenye mzunguko, lori la matofali limelala ubavu, barabara imejaa matofali na watu wanaotoa ushauri. Nikapiga honi. Hakuna aliyegeuka. Nikamwendea askari nikamwambia nina dawa ya hospitali. Akaniambia, "Na huyu nyuma yako ana samaki, na yule ana harusi. Rudi kwenye gari." Saluti hakuna, Profesa. Hajawahi kunipigia saluti mtu yeyote. Nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye uchochoro wa maduka ya mbao, wenye mbao wananilaani, kioo cha pembeni nikakiacha huko. Kila nikitazama saa nawaona wale mapacha wako wanafutana bure ndani ya chombo, bila kumwona dada yangu.

Hospitali wakaipima. Yule wa maabara akasema, "Inatosha, lakini aingie sasa. Si baada ya chai, sasa."

Mama yako alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, ameshika zipu kana kwamba mtu atamnyang'anya. Nikafurahi kumwona. Akaniambia, "Usifurahi. Nimekuja kumwambia daktari uso kwa uso kwamba sitaki. Watu wazima hawatoroki."

Nikaanza, "Dada, leo njiani, msafara wa..." Akageukia ukutani. Nikakumbuka barua yako, nikafunga mdomo.

Muuguzi akatoka. "Mama, dawa haitusubiri."

"Iende, mwanangu. Mimi sijaiita."

Hapo nikainama nikamwambia jambo moja sikioni. Jambo lenyewe liache kwanza. Alinitazama, akaniuliza maswali mawili matatu, akasimama, akampa muuguzi mkoba, akaingia kwa miguu yake.

Nikabaki na lile benchi. Ndani unachomwa sindano, kisha unalazwa kwenye chumba chenye giza kidogo, unatakiwa utulie kama gogo, usiongee, usijinyooshe, maana msuli unaofanya kazi unakula sukari. Mimi nasikia nini kupitia mlango? Kicheko. Kinaanza kama kikohozi, kinazimwa, kinaanza tena. Muuguzi anasema, "Mama, tafadhali!" Kimya. Halafu tena, pwaa! Nikasema basi, ameharibu, tunarudi nyuma ya foleni.

Juzi tuliitwa kusomewa majibu. Daktari akawasha kioo chake, akatugeuzia. Mama yako yuko pale, kivuli cha kijivu, nikamtambua kwa mabega. Nikamshika mkono na yeye akanishika, jambo ambalo hatujafanya tangu tukiwa watoto. Pale kushoto pana alama inang'aa kama kaa la moto. Daktari akasogeza picha juu, akasogeza chini, ini, mapafu, mifupa. Mimi nafuata kidole chake tu. Mwisho akasema, "Uko hapo tu. Haujatembea. Mwezi ujao tunautoa."

Nikataka kusimama, akaniambia, "Subiri. Kuna kitu sikielewi." Akatuonyesha mbavu. Kuna mwanga hafifu kwenye misuli yake, pande zote mbili, na chini ya mapafu. "Si ugonjwa," akasema, "lakini misuli hii ilikuwa inafanya kazi kubwa. Mama, ulikuwa unakimbia?"

Mama yako akasema, "Nilikuwa nacheka."

"Unacheka nini, kwenye chumba kile?"

"Muulize huyu."

Sikumjibu daktari. Lakini wewe unakuja mwisho wa mwezi, na mama yako ameshaweka kiti chako mezani, ameshasafisha koo, kwa hiyo bora uyasikie kwangu kwanza, kwa bei ya jumla.

Nilichomwambia sikioni ni hiki: "Dada, mifuniko yako haikuliwa na panya."

Akageuka kutoka ukutani. "Iko wapi?"

"Mmoja ulipinda nikautupa. Wa pili ninao."

"Unao wapi?"

Sikuwa na namna ya kulisema hilo kwa heshima. Nikamwonyesha kwa macho. Akashusha macho yake polepole, akayapandisha.

"Ndani ya suruali?"

"Mbele. Chini ya mkanda. Kila nikibeba chombo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Niliogopa, dada. Naogopa kuliko wewe. Waziri hakuna. Kuna mfuniko."

"Na mtoto hukumwuliza kama unasaidia?"

"Sikumwuliza. Aliandika mwenyewe, karatasi ya pili, kwamba alumini ni sawa na chandarua kwenye mvua. Iliniuma, ndiyo maana naikumbuka."

Akaachia zipu ya mkoba. Kisha akasema, "Kwa hiyo karatasi ya pili ilikuja pamoja na ya kwanza. Hukuagiza iandikwe."

"Ningeagiza iandikwe, ningeagiza nitukanwe?"

"Na miezi yote hii unabeba dawa hiyo, na hicho kifuniko cha bure, na hujafutika popote?"

"Popote, dada."

"Toa nione."

Nikageukia ukutani, mbele ya muuguzi na mgonjwa mmoja mwenye magongo, nikautoa.

Mfuniko umerudi jikoni. Mama yako ameuosha kwa maji ya moto, ameusugua kwa mchanga, ameupigapiga kwa mchi, lakini haukai tena kwenye sufuria. Umeshika umbo langu.

Mjomba wako